Hiace ya zamani umeigeuza nyumba ya safari na injini imekufa: uchague ipi na kwa utaratibu gani

Hii ni kwa wenye Hiace za zamani, zile za umbo lililoanza 1989 kabla hazijaja hizi pana za 2004, ambao wametoa siti za nyuma wakaweka kitanda, kabati, jiko la gesi, friji ndogo na tangi la maji, af injini ikafa. Ukienda gereji kila fundi ana injini yake ya moyoni, na wengi watakwambia weka 1KZ bwana (dizeli ya turbo), ina nguvu, utanishukuru. Msimamo wangu nauweka mapema: kwa gari la kusafiria na kulala, injini ya ukoo uleule na iliyotoka ndo inayokutoa gereji haraka, hata ukipanda kidogo cc, mana hela kubwa hailiwi na injini yenyewe, inaliwa na vitu vinavyoizunguka. Anayetaka kubishana abishane, ila asome kwanza.

Hatua ya kwanza: jua gari lako lilizaliwa na nini

Usimuulize aliyekuuzia, soma kibati cha chasisi. Herufi za mwanzo zinakwambia ukoo wa injini iliyotoka nayo kiwandani. Ikianza LH ni dizeli za ukoo wa L (2L, 3L, 5L), RZH ni petroli za ukoo wa RZ (1RZ ya 2.0 na 2RZ ya 2.4), KZH ni dizeli ya turbo 1KZ. Hizi mpya kidogo TRH ni petroli za TR na KDH ni dizeli za KD. Sasa linganisha na kilichopo ndani, mana magari haya yamepita mikono mingi na mengine yalishakuwa vipanya (daladala) barabarani kabla hayajawa vyumba vya kulala, unakuta kibati kinasema LH ila chini ya siti kuna kitu kingine kabisa. Andika namba ya injini iliyopo, namba iliyo kwenye kadi ya gari, na namba ya chasisi. Kama namba ya injini na ya kwenye kadi hazifanani tayari una kazi nyingine ya kufanya, nitaigusia mwishoni.

Af jua giaboksi yako ni manyuo au otomatiki, na kama gari ni 4x4. Vitu hivi vitatu, yaani ukoo wa injini, giaboksi na 4x4, ndo vitaamua mengi huko mbele, sio cc.

Hatua ya pili: hakikisha imekufa kweli

Neno "injini imekufa" linatumika vibaya sana. Kuna injini iliyonoki, krenki imekula bearingi au pistoni imetoboka, hiyo sawa, imekufa. Ila kuna injini iliyochemsha tu ikapasua hedi, na bloku iko safi kabisa. Kwenye hizi dizeli za L hedi tupu mpya inapatikana madukani, na ukiwa na bloku nzima yenye ringi nzuri hiyo ni nafuu kuliko injini ya mtumba usiyoijua historia yake.

Kabla hujatoa chochote mwambie fundi apime kompresheni kwa geji, kila silinda peke yake. Sio kwa kusikiliza, kwa geji. Kwa dizeli za 2L na 3L, injini nzuri inasoma kama psi 450 hivi, na ikishuka chini ya 280 na kidogo hapo imechoka. Ila usiangalie ukubwa wa namba peke yake, angalia tofauti ya silinda na silinda. Zote nne zikisoma 380 nina furaha kuliko tatu zisome 430 na moja 300. Kama inayosoma chini ni moja, mimina oili kidogo kwenye hiyo silinda upime tena: ikipanda, ni ringi na silinda, ikibaki palepale ni valvu au gasketi ya hedi. Kidogo tu lakini, dizeli ina nafasi ndogo sana juu ya pistoni na oili ikizidi humo unaikunja koneki rodi.

Ukiona ni ringi na silinda zimekula, hapo chagua: kufanya ovahoo ya uliyonayo (kuifungua yote na kuifufua) au kununua nyingine. Ovahoo ni nzuri kama una fundi wa mashine unayemwamini wa kuchonga silinda na krenki, na kama una muda. Faida yake namba ya injini haibadiliki na kila kitu kinarudi kilipokuwa. Wengi hawana subira, haya, tuendelee.

Hatua ya tatu: pima mzigo na njia, sio ndoto

Gari la kulala sio zito kama daladala iliyojaza, watu wanasahau hilo. Abiria kumi na nne na mizigo yao ni karibu tani moja. Kitanda cha mbao, kabati, betri ya pili, friji, gesi, maji lita 80 ambayo ni kilo 80 kamili, watu wawili na vitu vyao, mara nyingi hufiki huko. Sasa kama 3L ilibeba abiria miaka yote hiyo, haiwezi kukubeba wewe na godoro lako?

Kinachouma ni mlima na urefu kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, mana hewa inakuwa nyepesi. Dar hadi Tanga au Lindi hutahisi chochote. Ila ukipandisha kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu na baadae ukingo wa Ngorongoro ambako ni zaidi ya mita 2,200, 3L yenye farasi 90 hivi inakuwa kama ina sabini na kitu. Utapanda, ila utapanda na gia ya pili, malori yatakuwa wenzako. Mlima Kitonga kule Iringa hivyohivyo. Kwa hiyo jiulize kwa ukweli: safari zako nyingi ni za wapi, na je una haraka? Mtu anayelala ndani ya gari lake haraka ya nini jamani.

Na mafuta. Ukienda mbali utajaza popote palipo na pampu, na mambo ya uchakachuaji unayajua, vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) vimeanza kuwekwa toka 2010 na bado watu wanalalamika. Pampu ya dizeli ya kimekanika inavumilia mafuta mabaya kiasi chake. Ya kieletroniki inavumilia kidogo. Ya komoni reli haina huruma kabisa, nozeli zake zinafanya kazi kwa presha kubwa mno na uchafu kidogo tu unaziua, na bei ya nozeli nne unaijua mwenyewe au utaijua.

Hatua ya nne: zichambue moja moja

2L, cc 2,446. Ipo kila kona, spea zipo mpaka kwenye miji midogo, fundi yeyote anaijua. Ila kwa gari lenye kabati na friji ni dhaifu, hasa bara. Kama gari linakaa pwani na safari zako ni fupi sio mbaya. Ile yenye turbo, 2L-T na 2L-TE, mimi siigusi, hedi zake zina sifa ya kupasuka na 2L-TE ina pampu ya umeme juu yake.

3L, cc 2,779. Hapa ndo wengi wangetakiwa waishie. Haina turbo, haina kompyuta, taimingi ni ya mkanda, na inawaka kwa waya mmoja tu: ule wa soleno ya kwenye pampu, yaani swichi ya umeme inayofungua na kufunga mafuta. Ukiupa umeme wa betri na mafuta yapo, injini inanguruma, ukiukata inazima. Ukikwama porini huko Ruaha au Katavi huo waya mmoja ni rafiki yako. Ukitoka 2L kuja 3L, kwa sehemu kubwa boliti za giaboksi na mauntini zinaingia.

5L, cc 2,986. Ni 3L iliyoongezewa nafasi, tabia zilezile, nguvu zaidi kidogo hasa chini. Ukiipata nzima na bei haijapishana sana na 3L, chukua hii. Shida ni kwamba nzuri sio nyingi na wauzaji wanajua thamani yake.

1KZ-TE, cc 2,982 na turbo. Kweli ina nguvu, farasi karibu 130, na mlimani turbo inarudisha hewa ambayo wenzake wanaikosa. Kama gari lako ni KZH tangu kuzaliwa basi usihangaike, rudishia hiyohiyo. Ila kama ni LH na unataka kuipandisha kwenda 1KZ, sikiliza: pampu yake inaongozwa na kontrol boksi (kompyuta ya injini), kwa hiyo unahitaji kontrol boksi ya injini ileile, wayaringi nzima isiyokatwa, pedeli ya mafuta na sensa zake, giaboksi inayoshika nayo, propela shafti labda ikatwe au irefushwe, rejeta kubwa, na njia ya ekzosi mpya. Na inajulikana kwa kupasua hedi ikichemsha, sasa fikiria Hiace ambayo injini imefungiwa chini ya siti za mbele na hewa inaingia kwa shida. Unaiwezea tu ukinunua hafukati, yaani mbele yote ya gari iliyokatwa, ukatoa kila kitu kutoka gari moja. Injini tupu ya 1KZ iliyokatwa waya kwa kisu usinunue hata wakikupunguzia.

1KD na 2KD, zile D-4D za komoni reli: kwenye bodi la zamani mimi nasema hapana. Mbali na mafuta, kuna mambo ya ufunguo wenye chipu, sensa kila mahali, na ukipata shida Mpanda unahitaji mtu mwenye kompyuta ya kupimia, sio spana.

Petroli za RZ: kama gari ni RZH na safari zako ni za wikiendi, baki na petroli. Inatumia mafuta zaidi lakini haina makelele, na unalala karibu na injini usisahau. Taimingi ni ya cheni. Kutoka petroli kwenda dizeli ndo safari ndefu kuliko zote, mana giaboksi haishiki, mafuta yanahitaji njia ya kurudi kwenye tenki, na breki zitakuwa ngumu kama jiwe usipoweka vakyumu pampu (pampu ya kunyonya hewa inayosaidia breki). Hili la mwisho watu wengi hawalijui: petroli inapata vakyumu ya busta ya breki kutoka kwenye manifoldi, dizeli haina, kwa hiyo dizeli hizi zina pampu ndogo ya vakyumu nyuma ya alteneta. Ukiona mtu anakuuzia 3L na alteneta ya petroli, muulize breki zitashikwa na nini.

Hatua ya tano: andika orodha kabla ya kwenda sokoni

Chukua kitochi ingia chini ya gari upige picha kila upande wa injini iliyopo. Injini yenye jina lilelile kwenye Hilux na kwenye Hiace sio lazima ifanane nje: sampu ya oili, mguu wa mauntini, manifoldi, mkao wa feni, vinaweza kupishana. Dawa yake ni kutoitupa injini ya zamani wala kumuachia fundi kama "chuma chakavu" mpaka mpya imewaka na umeendesha. Sampu, bomba la kunyonyea oili, mabano ya mauntini na manifoldi vinahamishwa kutoka kwenye ile ya zamani, na ukishaiacha imeuzwa kwa kilo ndo unaanza kuzunguka kutafuta bano moja mji mzima.

Kama injini inayokuja ilikuwa na otomatiki na wewe ni manyuo, unahitaji flaiwili, klachi nzima, na ile bearingi ndogo inayokaa nyuma ya krenki ambapo ncha ya shafti ya giaboksi inaingia. Bearingi hiyo ni ya hela ndogo na ikisahauliwa giaboksi inashuka tena chini, siku nzima imekwenda.

Volti pia. Baadhi ya dizeli za Japani zilitoka na selfu na alteneta za 24. Soma kibati cha selfu. Na glo plagi (plagi za kupasha silinda kabla ya kuwasha) zina volti zake zimeandikwa kwenye mwili wa plagi, ukiweka za volti ndogo kwenye mfumo wa volti kubwa zinaungua, na zikivimba ncha zinaweza kukatikia ndani.

Kwa gari la kulala ongeza hili: soma ampea za alteneta. Betri ya pili na friji vinakula umeme, na alteneta ndogo ya zamani itakuwa inachemka kutwa nzima. Ukikuta injini mbili zinalingana, chukua yenye alteneta kubwa.

Hatua ya sita: sokoni

Dar ni Ilala na Gerezani, Nairobi ni Kirinyaga Road ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Mzigo unatoka Japani na mwingine unapitia Sharjah. Nenda na fundi wako, ila fundi asiwe anapata kitu kidogo kutoka kwa muuzaji, na hilo utaligundua ukiona wanasalimiana kwa majina ya utani na yeye hakagui chochote.

Injini iliyopakwa rangi ya silva inang'aa, ipite. Hakuna aliyeipaka rangi kwa kukupenda. Angalia ukingo wa hedi na sampu: silikoni ya rangi ya bluu au nyekundu iliyotoka nje ni mkono wa fundi wa mtaani, hiyo imeshafunguliwa. Vichwa vya boliti vikiwa na makovu ya spana, hivyohivyo. Fungua kifuniko cha oili uangalie kwa ndani, utando wa rangi ya maziwa ni maji yameingia kwenye oili, uji mweusi mzito ni mtu alikuwa habadilishi oili. Ingiza kidole kwenye tundu la maji ya rejeta, ukitoa kidole kikiwa na kutu nyekundu ya unga ujue ilikuwa inatiwa maji ya bomba.

Sasa kipimo ninachokipenda. Weka spana ndefu kwenye boliti ya puli ya mbele, uzungushe injini kwa mkono mpaka krenki imekamilisha mizunguko miwili. Kwa silinda nne unatakiwa kuhisi ugumu mara nne, kila mmoja unakataa, unakusukuma nyuma, halafu unaachia polepole kwa mlio wa hewa. Kama mmoja unapita laini kama hakuna kitu, silinda hiyo haina kompresheni. Hesabu taratibu, rudia, usimwache muuzaji akuongeleshe wakati unahesabu. Af shika flaiwili uisukume mbele na nyuma, ikicheza kiasi cha kuonekana kwa macho, acha.

Kwa 3L na 5L mwambie aiwashe hapohapo chini: betri, selfu, dumu la dizeli na hozi mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Ishike kwanza kabla haijawashwa, ikiwa ya moto waliipasha kabla hujafika. Moshi wa bluu ni oili, mweupe usioisha na wenye harufu ya dizeli mbichi ni kompresheni au nozeli, mweusi kidogo ukikanyaga sio neno. Legeza kifuniko cha oili ukilaze juu ya tundu kichwa chini, kikirukaruka na kuanguka ringi zimekwisha, kikitetemeka tu ni sawa.

Ukikubali, risiti iandikwe namba ya injini, sio "injini moja ya Hiace". Waulize waranti yao inaanza lini, kuwaka chini au kuwaka ndani ya gari, na iandikwe hapohapo. Namba yenyewe iwe imegongwa vizuri haijasagwa wala kuchomelewa.

Hatua ya saba: kabla haijaingia ndani

Ikiwa bado iko chini badilisha mkanda wa taimingi na tenshona yake, sili ya krenki ya mbele na ya nyuma, pampu ya maji, themostati, klachi pleti, na hozi zote. Juu ya benchi ni kazi ya asubuhi moja, ikishaingia chini ya siti ni mateso. Mkanda usiulize umetembea kiasi gani, hakuna anayejua, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni unarudi sokoni. Ukiweka mpya andika kilometa kwa rangi kwenye kava, kila 100,000 unabadilisha.

Rejeta ifunguliwe isafishwe ndani au ununue nyingine, usiiweke injini nyingine kwenye rejeta iliyoua ya kwanza. Na themostati irudishwe! Najua mafundi wengi wanaitoa wanasema huku kwetu joto, lakini dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi inakula mafuta na inajichosha, na ukiwa Njombe mwezi wa saba utaelewa. Coolant, sio maji ya bomba.

Kwa waliojenga kabati: injini inafunguliwa kutoka juu kwa kuinua siti za mbele, sasa kama umepigilia sakafu ya mbao, umepitisha bomba la gesi au waya za friji juu ya kifuniko hicho, toa sasa hivi upitishe pembeni. Bomba la gesi lisikae karibu na ekzosi hata kidogo. Kifuniko kirudishwe na sponji yake ya joto na mpira wa kuzunguka ukingo, mana unalala humo, na gesi ya sumu iliyo ndani ya moshi (kaboni monoksaidi) ikipenya usiku haina harufu ya kukuamsha.

Hatua ya nane: kadi

Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha injini lazima kadi ibadilishwe. Tanzania unaanzia TRA, Kenya NTSA, na gari litakaguliwa. Beba risiti ya injini yenye namba na, kama muuzaji anayo, nakala ya karatasi za forodha. Mjulishe na wa bima, mana ajali ikitokea na namba hazifanani unawapa sababu ya bure ya kukukatalia. Fanya kabla hujavuka mpaka wowote, Namanga au Holili wakiamua kufungua siti na kusoma namba, sio mahali pa kuanza kuelezea kwamba fundi alisema haina shida.